Kichwa cha Shaba Mfukoni mwa Aproni

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo hainiachi nikatulia. Ukiniona nasimama, naenda dirishani, narudi, napapasa mifuko ya koti lako pale mlangoni, usinijibu kwa Kiswidi kwamba shangazi anazeeka vibaya. Keti nikueleze.

Mama alitufia mtaani kwetu Husby, baba akiwa ametangulia zamani. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeshaacha shule, na wadogo zangu watatu wakawa mzigo wangu. Watu wa ustawi wa jamii walikubali niwalee, ila walikuja kututazama mara kwa mara. Kosa moja tu, wadogo zangu wangegawanywa kwenye nyumba za watu. Nikairithi na kazi ya Mama ya usafi, ukiwemo ukumbi wa chama cha walenga shabaha, upande wa Vällingby.

Mama alikuwa na desturi yake. Kilichoingia kwenye kizoleo, alisema, ni cha mfagiaji. Akirudi kazini alimwaga mfuko wa aproni mezani: kifungo, kalamu, gololi, na sisi tukagombania. Nami niliiendeleza desturi hiyo. Nilitaka wadogo wajue bado yupo mtu anayerudi nyumbani na kitu.

Pale ukumbini kulikuwa na mzee mmoja, Lennart, mwenye kibali cha silaha, aliyejitengenezea risasi za bastola yake ya mashindano. Maganda matupu yaliyokwisha kupigwa, yale niliyokuwa nikiyafagia sakafuni, aliyageuza kuwa koti la shaba la kuvika vichwa vya risasi. Baruti haikuwepo pale mezani, vichwa tu, vinang'aa kama vito vya bibi harusi. Nilisimama na ufagio wangu nikitazama, naye hakunifukuza. Siku moja akaniachia nivute mkono wa mashine yake ya kubana vichwa hivyo. Kichwa nilichokitoa kilipinda. Akacheka, akasema hata chake cha kwanza kilifanana na njugu, akakitupa chini kwenye takataka.

Nami nikakifagia.

Jioni nikakimwaga mezani pamoja na kalamu mbili. Mdogo wangu Baraka, huyu baba yako, wakati huo na miaka kumi na mitano, alikinyakua kabla ya wenzake.

"Umekitengeneza wewe, dada?"

"Mimi mwenyewe," nikasema, kifua mbele.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Haikupita wiki, nikawa natoka kituo cha treni Husby na mifuko ya vyakula, kijana mmoja nadhifu akaja akanipokea mmoja. Adabu tupu.

"Shikamoo, dada. Tunasikia una mkono mzuri."

Nikamwuliza mkono wa nini.

"Wa shaba. Mzee wako ana vichwa vingi, vikipungua hatajua. Na Baraka usiwe na wasiwasi, ni mdogo wetu. Tutamwangalia."

Akanirudishia mfuko, akaenda zake. Hakuinua sauti, mwanangu. Aliahidi kumwangalia mdogo wangu, na hilo ndilo lilikuwa tishio lenyewe.

Siku tatu sikukaa. Niliosha sahani safi. Lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu, naushika mlango. Baraka nilipombana alilia, akasema alikionyesha mtaa wa jirani tu, Tensta, kwa vijana wakubwa, apate heshima, akanirudishia kile kichwa. Nikisema, kazi itapotea, na watu wa ustawi watauliza huyu ni mlezi gani. Nikinyamaza, kijana atarudi. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Siku ya nne, isiyo ya zamu yangu, nilikwenda Vällingby nikakiweka kile kichwa kilichopinda juu ya meza ya Lennart, nikamweleza yote.

Hakufoka. Alikigeuza kwa kidole.

"Kosa la kwanza ni langu, nilikuachia mashine," akasema. "La pili ni lako. Ulidhani kitu kikitupwa kimekufa. Hiki hakifi. Kikivuka mlango ule, yeyote atakayekiokota ndiye mwenyewe."

Kisha akawaita wakuu wa chama, wakawaita polisi, naye akakaa kando yangu hadi nilipomaliza kueleza. Funguo za ukumbi nilizirudisha siku ile ile. Watu wa ustawi walikuja, wakauliza maswali hadi chai ikapoa, nami nikajibu kila moja. Hawakumchukua mtoto hata mmoja. Yule kijana nilikutana naye mara moja tu tena, akatazama pembeni. Lakini lifti, mwanangu, ningali naisikiliza.

Basi shika haya. Usilete nyumbani kitu usichoweza kukieleza mbele ya mgeni. Usijivunie kazi ya mkono wako kabla hujajua nani anasikiliza. Na ukikosea, wahi kusema mwenyewe, ungali na la kusema, hata kama kusema kutakugharimu kazi. Mtu anayekuahidi ulinzi ambao hukuuomba, mkimbie.

Leo nimepekua koti lako, nikakuta funguo na biskuti iliyovunjika. Niwie radhi. Kesho nitapekua tena.

Mungu akuepushe na mkono unaokupokea mzigo ili ukutwike mwingine. Akupe ulimi mzito wa kujisifu na mwepesi wa kukiri. Na kila lifti itakaposimama kwenye ghorofa hii, awe ni wewe unayeingia.