Boriti za Baba Katika Ukumbi wa Kibiti

Juzi nimefika Kibiti, rafiki yangu, nikakuta ukumbi wetu wa michezo umeezuliwa bati. Nguzo zimelazwa chini, zimejaa matundu, ukizigonga zinamwaga unga.

Zamani lilikuwa ghala la korosho. Masika yalikuwa yakitunyima uwanja miezi mizima, basi wazee wakaamua ghala ligeuzwe ukumbi, watoto tuchezee ndani. Kina mama walishindilia sakafu huku wakiimba, na jirani yetu akiwauzia kambale wa kukaanga, vipande vyembamba mpaka unaona upande wa pili. Nguzo akapewa baba, mkata boriti za mikoko kule Nyamisati. Mji mzima uliuamini mkono wake.

Baba alikuwa na mwiko mmoja: boriti hukatwa mwezi ukiwa gizani. "Mti wa mbalamwezi una utamu," alizoea kusema, "na mdudu haachi utamu." Sasa mwezi ndio kwanza unajaa, na wasichana wa Ikwiriri wanakuja wiki hiyo kucheza nasi mpira wa pete, na ukumbi bado hauna nguzo. Mfungaji nilikuwa mimi. Nililia, nikasusa, wali wa nazi ukalala sufuriani siku mbili. Siku ya tatu baba akachukua shoka lake. "Haya mwanangu, kula. Mungu atatusitiri." Hakumwambia mtu mwingine, nami sikumwambia mtu.

Tulishinda, na wallahi sijawahi kupata furaha kama ile. Miaka iliyofuata wakapigana ngumi humo, wakaozeshana humo, na mafuriko yalipowafukuza watu wa kijiji cha Mkongo, wengine walilala kwenye sakafu ile ile. Mvua ikipiga bati, mpira ukidunda, mwalimu wetu alikuwa akipiga kelele mpaka sauti inamkauka, na hakuna aliyemsikia. Leo mvua ikinyesha, watoto wa Kibiti wanakaa barazani wanaitazama tu.

Nilipokuwa nimesimama pale, jirani yule wa kambale alinijia, mzee sasa, anatembelea fimbo. Akazinyooshea kidole zile nguzo.

"Mwanangu, babako alitutapeli. Tulimwamini, akatuletea miti mibovu."

Watu waliokuwa wakibeba bati wakatikisa vichwa. Baba yuko kaburini, hawezi kujitetea. Aliyebaki anayejua ni mimi peke yangu. Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema: nilimlilia baba, nilimsusia chakula, alikata kwa ajili yangu. Ningeyasema, wangenicheka kidogo, pengine wangenilaani, na jina lake lingesafika. Nikaona aibu, mtu mzima mimi, na watoto wangu wakubwa.

"Msameheni," nikasema, "marehemu huyo."

"Tumeshamsamehe," wakaitikia wote.

Nikawashukuru, rafiki yangu. Nilimwombea baba msamaha wa kosa langu, nikawashukuru, nikapanda pikipiki nikaondoka.