Paneli Yako Ndiyo Ile

Mtunza umeme wa jua wa mtaa hukuna sikio kwa bisibisi kila anapotaka kudanganya. Paneli zilizo juu ya paa la ukumbi ni za wote, lakini kuzifuta alikuwa akiachiwa yeye. Basi akamnong'oneza kila jirani, mmoja mmoja: "Yako ndiyo ile pale. Usimwambie mtu, lakini ndiyo inayobeba mtaa mzima." Tangu hapo zinang'aa kama vioo. Shida ni kwamba paneli ni kumi na mbili, nyumba thelathini. Leo mshonaji na kinyozi wamekutana juu ya paa, vitambaa mkononi, wakigombea paneli moja. Mtunza akakuna sikio. Kabla hajafungua kinywa, mama mkwe wake akauliza kutoka kwenye ngazi: "Nani hao wanaoshika paneli yangu?"