Kilo Mbili za Nyama ya Kuweka Kwenye Mkate

Niliwahi kununua kilo mbili za nyama nikidhani bei iliyoandikwa ni ya kilo. Ilikuwa ya hekto, yaani gramu mia moja. Miaka kumi na moja Stockholm, na kibao cha bei bado kinanishinda.

Dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Morogoro, na kesho yake anaondoka. Mama ndiye aliyemtuma aone kwa macho yake kama ninakula, maana kwenye simu eti naonekana nimekonda. Nikaamua kupika pilau la kuwafunga mdomo wote wawili. Bucha ya maana iko Hagsätra, kituo kimoja tu kutoka kwangu Rågsved, lakini mimi nikitoka kazini nataka kochi langu, na supamaketi iko pale pale nikishuka treni. Nyuma ya kioo nikaona pande la nyama jekundu: krona arobaini na tano. Bure kabisa!

Muuzaji akauliza kama anikatie vipande vyembamba.

"Usikate. Nipe kilo mbili," nikasema, kifua mbele.

Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata nchi hii. Kwenye kulipa: krona mia tisa. Nyuma yangu foleni. Nikalipa huku natabasamu kama bwege.

Bei za mji huu zinatia kichefuchefu hata ukizisoma sawasawa. Wiki mbili nzima dada alikuwa akigeuza kila kitu kuwa shilingi, kisha anasonya. Kitunguu, akasonya. Majani ya giligilani yaliyooteshwa kwenye kikopo kama ua, akasonya mara mbili. Siku hiyo alipoona risiti hakusonya. Alikaa chini.

"Mdogo wangu, hela hii kwetu ni mbuzi. Tena anakuja kwa miguu yake."

Nikapika hivyo hivyo. Sufuria ilipochemka ndipo moshi ukanipanda puani. Kumbe ile nyama ilishatiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Wenyeji huweka vipande viwili vitatu juu ya mkate, basi. Pilau langu likawa kama limepikwa kwa maji ya bahari juu ya tairi linaloungua. Tonge la kwanza nililitema kwenye kitambaa.

"Tamu," dada akasema, akaomba maji. Akaomba tena.

Nilikuwa nimemwalika na jirani wa mlango wa pili, mama mmoja Mrundi, awe shahidi wangu kwamba nyumba hii kunapikwa. Alionja kijiko kimoja, akaisogeza sahani mbali kabisa, karibu ianguke.

"Sasa nikamwambie mama nini?" dada akauliza, hata sijui alikuwa akimuuliza nani.

Jirani ndiye aliyejibu: "Mwambie mwanawe njaa haimuui, uvivu ndio unamuua. Bucha iko kituo kimoja, yeye anaogopa kuvaa viatu mara ya pili."