Mikono ya Malkia wa Jiwe

Gauni lile nililishona kwa miezi, nikitazama picha za malkia mmoja wa jiwe aliyechongwa kwenye lango la kanisa la kale huko Ufaransa. Mimi ni mtu wa Tanga, nasoma historia ya mavazi hapa Guangzhou, China. Nguo za Zama za Kati zimeoza karibu zote, kwa hiyo tunazisoma kwenye sanamu: mkanda ulivyozungushwa kiunoni, marinda yalivyoanguka, mikono mipana iliyoning'inia hadi magotini. Kitambaa nilikipata kwenye soko la vitambaa la Zhongda, sufu nyepesi ya kijani.

Siku ya kuliwasilisha nilimwalika shangazi yangu, anayenunua nguo kwenye soko la Shahe na kuzisafirisha Dar. Aliacha mizigo yake, akaja na rafiki zake wawili, wamejipamba kama waendao harusini. Nilipoingia darasani nimelivaa, wakapiga vigelegele. Darasa zima likageuka.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alituonyesha ukutani picha ya malkia yule, kisha mchoro wake wa zamani. Kwenye mchoro hakuwa na mikono. Ilikuwa imevunjika, na mafundi wa karne za baadaye wakamchongea mingine kwa kubuni tu, pamoja na mikono ya nguo iliyoifunika. Hapo ndipo nilipokuwa nimeshona kwa uangalifu kuliko pote.

"Hukujiuliza nani aliichonga?" akasema.

Uso uliniwaka. Nilijaribu kuikusanya ile mikono ya gauni kifuani, ikazidi kuonekana.

Nje, shangazi akanivuta pembeni. "Nimemsikia anasema *meiyou, meiyou*. Neno hilo naambiwa kila siku madukani. Kitu gani hakuna?"

"Mikono, shangazi."

"Si hii hapa?"

Nikamweleza yote. Akaguna, akaitazama simu yake. "Na mimi video nimeshairusha kwa ukoo mzima."

Jioni mama akapiga. "Mwanangu, umetutoa kimasomaso!" Nyuma yake nilisikia majirani wakicheka kwa furaha. Nikasema asante, kisha nikamwambia ukweli.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitafumua."

Nilifumua. Gauni nikalirudisha bila mikono, na maelezo mapya ya kwamba hapo hatujui. Mwalimu alilipokea, akanipa alama za kutosha. Hata hivyo, tangu siku ile ya vigelegele naingia darasani kwa mlango wa nyuma.