Mama Wawili wa Fundi Kesho

Miaka haina pupa. Hupita mmoja baada ya mmoja kama uzi katika tundu la sindano, na mja hatanabahi ila nguo ya umri wake imekaribia pindo. Ndivyo ilivyomjia jirani yangu, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, kwa kuwa hapana mteja aliyewahi kupewa nguo yake leo.

Alipopunguza kazi alianza kuuchora ukoo wake. Alitandaza juu ya meza ya kukatia ile karatasi ya kaki anayotolea vipimo, akaandika jamaa zake kwa chaki kwanza, kwani chaki hufutika. Aliyethibitika kwa kauli ya watu wawili alimpitishia wino. Kwa mwendo huo alipanda hadi kwa babu wa babu yake, mchimba visima. Alikwama asipopatarajia: juu ya jina lake mwenyewe.

Marehemu baba yake alikuwa na wake wawili, na katika nyumba ile kutamka "mama wa kambo" kulikuwa mwiko. Wote waliitwa mama, wote walichapa, wote walibembeleza. Watoto waliwatofautisha kwa vyumba tu, mama wa mbele na mama wa nyuma. Sasa wamelala makaburini ubavu kwa ubavu, na Fundi, mzee mwenye wajukuu, hakujua ametoka tumbo la nani. Aliniambia kwamba kila akimwombea mamake, ulimi husita.

Aliyebaki kujua ni shangazi yake, ajuza mwenye ulimi mkali kuliko mkasi. Fundi alimwendea mara nyingi, na kila mara alirudishwa kwa chai na mzaha. Safari ya mwisho alimkuta kitandani, ameegemea mito, akamwomba radhi kwa kuchelewa kufika.

"Si ajabu," shangazi akasema. "Wewe hata kuzaliwa ulichelewa. Mwenzio alikutangulia kwa siku moja."

Fundi akaweka kikombe chini. "Mwenzangu nani, Shangazi?"

Shangazi alitambua kwamba neno limeshamponyoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Akasimulia polepole. Mama wa mbele alijifungua mtoto wa kiume. Kesho yake mama wa nyuma akamzaa Fundi, akashikwa na homa, maziwa yakamkauka. Wiki haijaisha, yule mtoto wa kwanza akafariki. Mamake, kifua kimejaa na mikono mitupu, akaomba apewe Fundi, akamnyonyesha hata akaanza kutembea. Tangu hapo baba mtu akakataza watu kubagua.

"Basi aliyekuzaa ni wa nyuma," akamalizia. "Lakini ukimsahau wa mbele, usije tena kunywa chai yangu."

Mwingine angeridhika, akaaga. Fundi hakuinuka.

"Na yule mtoto aliitwaje?"

Shangazi akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Tangu azikwe, hakuna aliyeniuliza," akasema. Kisha akamnong'oneza jina.

Fundi aliliandika ubavuni mwa lake, kwa wino, bila kungoja shahidi wa pili. Nilipompitia alinionyesha kwa kidole, uso umechangamka.

"Nina kaka," akaniambia. "Kanizidi siku moja."

Mola amzidishie afya na nuru ya macho, awafunike mama zake wawili kwa rehema moja, amlainishie njia shangazi yake, na siku ya kukutanishwa amkutanishe na nduguye aliyeshiriki naye ziwa. Amina.