Shamso na jina la babu lililokosa nafasi kwenye kioo

Saa mbili asubuhi mtaani Waberi, mjini Garissa, jua limeshaanza ukali wake. Shamso Rage ameketi mkekani, mgongo ukutani, kifaa kidogo kikiwa kiganjani. Anabonyeza kishale cha chini. Orodha inapanda mstari mmoja, na jina lililochaguliwa linazungukwa na weusi. Analisoma kwa sauti, kisha anabonyeza tena.

"Leo naangalia yote, mia nne na kumi na mbili," anasema bila kuinua macho. "Kesho ni mgao Sangailu. Wallahi sitaki kuua mtu mwingine."

Neno zito hilo, lakini hataki kulifuta.

Shamso, mwenye umri wa miaka 29, ndiye aliyeandika programu ya kifaa hicho. Makarani wa kikundi kimoja cha misaada huenda nacho Sangailu na Kotile, ambako mtandao ni wa kubahatisha, kugawia watoto waliodhoofika unga wa lishe. Mama huja na kadi, karani huingiza namba, na mstari wake hujitokeza.

Lugha anayoandikia ni nyepesi, amri zake hazifiki hamsini: chora mstari, andika neno, ngoja kitufe. Ya kuchora jedwali haimo. Kila kitu, mpaka ule weusi, amekichora mwenyewe kwa ujira wa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi.

Wala si mchezo. Kioo kinabeba mistari sita tu, na kila mstari herufi ishirini na nne. Ilibidi kitu kikatwe. Akakata jina la tatu.

"Mimi Msomali, jamani!" anasema akijipiga paji la uso. "Nimehesabu mababu zangu kabla sijajua kuandika. Kwetu la kwanza ni lako, la pili la baba, la tatu la babu. Bila babu hujui ni nani huyo. Hiyo najua, na bado nikakata. Nilitaka tu jedwali ikae vizuri."

Sangailu ilikuwa na akina Habibo Alio wawili. Mmoja, mjukuu wa Keinan, alifariki Februari. Mwingine, mjukuu wa Warsame, alikuwa mzima, ana mapacha wa kike wa mwaka mmoja na nusu, Ebla na Kaaha.

Habari za msiba zilimfikia karani kwa mdomo, bila kadi, kwa hiyo akatafuta kwa jina. Habibo Alio wa kwanza kwenye orodha, yule wa Warsame, alikuwa mstari wa sita, mwisho wa kioo. Wa pili alikuwa chini yake, haonekani mpaka ubonyeze mara moja zaidi. Karani hakubonyeza. Akaweka alama ya kifo kwa aliye hai, na mstari ukatoweka.

Miezi mitatu Habibo alipanga foleni, na miezi mitatu kifaa kikasema namba hiyo haipo. "Nikamwambia karani, mimi niko hapa, nishike mkono," anasimulia Habibo. "Akasema hiyo mashine ndiyo inajua." Katika mwezi wa pili wa foleni hizo, Ebla alifariki.

Habibo alipanda lori la mbuzi mpaka Garissa, akauliza mtaa kwa mtaa mpaka mlangoni kwa Shamso.

"Hakunitukana," Shamso anasema. "Aliniuliza tu kama Kaaha naye ataenda. Afadhali angenitukana!"

Tangu hapo hajalala vizuri. Sasa kishale cha kulia kinasogeza jedwali kando, na jina la babu linaonekana. Aliyewekewa alama ya kifo hafichwi tena. Anataka pia kila jina lisomwe mbele ya watu kabla ya kufutwa, na ana mpango wa kuzunguka vijiji vyote viwili kabla ya Ramadhani, kusikia kila mama akitaja mababu zake.

Kesho yake Sangailu, kina mama wameketi chini wakingoja. Shamso anasoma: "Habibo Alio Warsame."

"Yuko hai!" wanaitikia.

Shamso anaondoa alama ya kifo, lakini unga hautoki mpaka idadi ya watoto ithibitishwe. Imeandikwa mbili. Kidole cha Shamso kinasimama juu ya kitufe.

Habibo, Kaaha akiwa mgongoni, anamsogelea.

"Abaayo, dada yangu, ya kupunguza ni gani?"

Shamso anamwonyesha.

Habibo anabonyeza mwenyewe, mara moja, kisha anafungua mfuko wake upokee unga wa mtoto mmoja.