Mkwe Anayerudisha Samaki Majini

Hebu mwone kwanza anavyoingia. Lori la mizigo linasimama Kitangari, vumbi lililokuwa likilifuata linalipita, na kutoka juu ya magunia ya chumvi anashuka mtu mwembamba mwenye fulana iliyochorwa samaki mkubwa anayeruka. Kofia yake ina kamba ya kufunga kidevuni, ile wanayofunga watu wa boti ili upepo usiibebe. Hapa upepo hauna habari na kofia yake, lakini kamba ameikaza. Mkononi ana furushi la magazeti linalonuka moshi. Kila anayemsalimia analitazama furushi kwanza, halafu ndipo anamtazama yeye.

Huyo ni Cuthbert, mkwe wa hapa. Amekuja kumchukua mkewe Priska na binti yao mdogo, Flora, waende wakaishi Mikindani. Mwenye neno ni mjomba wa Priska, mzee Reginald, na neno lake lilishatumwa pwani mapema: mkwe aje aonyeshe anafanya kazi gani huko, akishindwa arudi peke yake na asihangaike kupanda tena huku juu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupita vijijini na mizani zao, mitumba imejaa minadani, na wazungu wanashuka pwani na boti za starehe. Cuthbert aliteremka Mtwara kutafuta kibarua bandarini, akakosa, akasikia kuwa Mikindani kuna mwenye boti anayetaka mtu. Boti yenyewe haikwenda mbali. Ilichukua wageni mpaka kwenye miamba iliyo mbele ya ghuba, na juu ya meli moja ya chuma iliyozama zamani, ambamo chewa wamejifanyia nyumba. Mgeni analipa, anakalishwa kwenye kiti, anapewa mshipi, anavuta mpaka jasho limtoke.

Halafu samaki anarudishwa majini.

Hapo ndipo kazi ya Cuthbert ilipokuwa. Alitia chambo, alimpandisha samaki, alimtoa ndoana taratibu, alimshika ili mgeni apige naye picha, kisha alimteremsha majini kwa mikono miwili, akamngoja apate nguvu, akamwachia. Mwenye boti alikwisha kuwajaribu wavuvi wa pale pale, watu waliokulia baharini. Wote walishindwa. Mikono yao ilikataa. Samaki walikuwa wakiwafia kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo ilipenda sana kutokea karibu na saa ya kwenda nyumbani. Cuthbert, mtu wa mikorosho, asiyejua hata kuogelea, alirudisha wa kwanza, akarudisha wa pili, wala uso haukumbadilika. Akaajiriwa siku hiyo hiyo. Aliupata uvuvi kwa sababu hakuwa mvuvi.

Kitangari, bila shaka, habari haikufika hivyo. Ilifika kwamba Cuthbert anavua na wazungu. Mzee Reginald aliipokea kwa mikono yote, akaipaka mafuta, akaitembeza. Kilabuni alisema mkwe wake anavua samaki wenye urefu wa mlango. Msibani, watu wakiwa wameketi kimya, alipata nafasi ya kuulizia kama kuna mtu amewahi kula chewa, maana yeye alikuwa akitegemea kuletewa.

Cuthbert hakukumbuka zawadi ya ukweni mpaka lori lilipolala Masasi. Asubuhi, akinywa chai sokoni, ndipo lilipomjia: mtu wa boti ya uvuvi anapanda ukweni mikono mitupu. Alizunguka meza zote akitafuta samaki wa bahari. Waliletwa juzi, wamekwisha. Waliokuwapo walikuwa kambale wa Ruvuma, waliokaushwa kwa moshi. Akawatazama, nao kwa zile ndevu zao wakamtazama. Akafikiri kwa utulivu kabisa, kama mtu mwenye akili: kule juu nani amewahi kumwona samaki wa bahari? Watamlinganisha na nini? Akamwomba yule mama muuzaji awakate vichwa.

Kosa lake halikuwa dogo. Alisahau kwamba watu wa Kitangari hawakuhitaji kumjua samaki wa bahari. Walimjua kambale vizuri sana, maana ndiye huyo huyo wanayeletewa miaka yote kutoka bondeni.

Basi, alipokelewa. Shikamoo zikapigwa, marahaba zikarudi, mkeka ukatandikwa barazani. Priska alikuwa ameteremka kisimani na wenzake, na huko si mahali pa kwenda na kurudi upesi. Mama yake, Veridiana, akalipokea furushi akaingia nalo jikoni. Mzee Reginald hakungoja. Mchuzi ulipoiva tu, akaamuru vibakuli vipelekwe kwa majirani, kila kibakuli na salamu zake: samaki wa baharini, kavua mkwe.

Walikula. Mzee Reginald alisifu. Alisema samaki wa bahari ana uzito fulani mdomoni ambao wa mtoni hana, na Cuthbert akatikisa kichwa akiukubali uzito huo. Veridiana alikula kidogo, akanawa, akamtazama mkwewe kwa upole.

"Baba Flora," akasema, "vichwa umevikata kwa sababu ya ndevu, siyo?"

Cuthbert akaona afadhali aseme yote. Akaeleza habari za soko la Masasi, akaeleza boti, miamba, ile meli iliyolala chini, wageni na picha zao, na jinsi yeye anavyowarudisha samaki majini wakiwa hai. Aliamini kwamba ukweli ukitoka wote kwa pamoja utamsaidia.

Mzee Reginald alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vidole.

"Mkwe, uongo wa kambale nimeuelewa," akasema. "Ni uongo wa mtu mzima, mwenye haya ya kuja ukweni mikono mitupu. Nimekusamehe hata kabla hujamaliza. Lakini huu wa pili, wa mtu kulipa ili amvue samaki halafu amrudishe, huu umeutoa wapi?"

"Si uongo, Mjomba."

"Basi ni ugonjwa."

Akavuta kigoda karibu, akapunguza sauti, akampangia mambo kama mtu anayempenda. Watu wamemwona akishuka na furushi. Vibakuli vimekwisha kwenda. Cuthbert aseme kwamba amewavua, abaki na neno hilo hilo, na kesho amchukue mkewe na mtoto kwa amani. Lakini akiendelea na hadithi ya kurudisha, yeye Reginald hamtoi mtoto wa dada yake kwa mtu anayemshika samaki kwa mikono miwili kisha akamwachia aende. Mtu wa namna hiyo atawalisha nini?

Cuthbert alikuwa amekwisha kufungua mdomo akubali. Lilikuwa jambo dogo, na lilikuwa na faida. Ndipo Priska akaingia uani, ndoo kichwani, jasho likimtiririka. Mama yake akamtua, na wakati anamtua akamweleza kwa maneno machache yaliyokuwa yakisemwa pale. Priska akakaa chini, akanyoosha miguu, hakumsalimia mume wake kwanza.

"Wakikwambia rudisha, unarudisha?"

Cuthbert akamtazama mzee Reginald, na mzee Reginald akamkazia macho.

"Narudisha," akasema Cuthbert.

"Hata mkubwa?"

"Hata mkubwa."

"Hata siku ambayo nyumbani hakuna kitoweo?"

"Hata siku hiyo, Mama Flora. Ndiyo kazi yenyewe."

Mzee Reginald akafunika uso kwa kofia yake. Priska akajifuta jasho kwa upindo wa khanga, akasema atakwenda. Mjomba akamuuliza, kutoka ndani ya kofia, anakwenda na mwendawazimu kwa sababu gani. Priska akajibu kuwa anakwenda na mtu aliyesema kweli huku akijua ataondoka bila mke, na mtu kama huyo hajamwona tena hapa tangu wanunuzi waanze kuja na hela mkononi na wanaume waanze kurudi nyumbani na maelezo badala ya hela hizo. Veridiana akacheka peke yake. Mzee Reginald alinuna mpaka chai ya jioni, kisha akaridhia, maana kumzuia mwanamke aliyekwisha kufunga khanga zake kungewafanya majirani waulize. Ila akaomba kitu kimoja tu, na aliomba kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kumwona nao: humu ndani iwe vyovyote, lakini huko nje wale samaki wabaki wa bahari. Cuthbert akamwitikia, kwa heshima.

Asubuhi wakatoka, Flora mgongoni kwa baba yake, Priska na mzigo kichwani, mzee Reginald akiwasindikiza. Barabarani, kabla lori halijatokea, akaja mzee Hamidu. Huyu ndiye aliyekuwa akipandisha kambale wa Ruvuma kwa baiskeli na kuwauza nyumba kwa nyumba tangu Priska hajazaliwa. Jana naye alipelekewa kibakuli. Akasimama, akapokea shikamoo zao moja moja, akashukuru sana kwa kukumbukwa. Uso wake haukuwa na hata chembe ya kicheko.

"Samaki wa bahari mtamu, mkwe wetu," akasema. "Nimemtafuna polepole nisimmalize. Hebu niambie, ulimvua wewe kwa mkono wako?"

Mzee Reginald akaanza kukohoa. Priska akautua mzigo wake chini, akageuka, akamtazama mumewe, akingoja.

Sasa wewe uliyefika nasi mpaka hapa barabarani, ungekuwa Cuthbert, ungemjibu nini?